Mapazia ya Mnarani

Wengi wa rika langu wakisikia harufu ya mafuta ya taa hukumbuka jiko la mchina na wali ulioingiwa na moshi. Mimi nikiisikia namkumbuka baba, na si baba wa nyumbani Temeke, bali baba wa kisiwani, amevaa bukta na singlendi, kipande cha ngozi laini mkononi, anafuta vioo. Mafuta yale yalikuwa kwenye viganja vyake, kwenye ndevu, kwenye shuka lake, mpaka kwenye mkate aliotukatia. Juu ya harufu hiyo ilikaa harufu ya siki, kwa sababu vioo vya taa vilifutwa kwa siki, na juu ya siki ikakaa chumvi ya bahari. Baba akirudi likizo, mama alianika nguo zake uani siku mbili nzima kabla ya kuziruhusu kuingia kabatini. Sisi watoto tuligombania shati lake ili tulinuse, na mama akatuona wendawazimu.

Baba alikuwa mtunza taa ya mnara. Ukisimama ufukweni Kigamboni siku ambayo hakuna ukungu utaona kisiwa kidogo kimekaa peke yake, na juu yake kitu cheupe kilichosimama wima. Kwenye ramani kisiwa kile kina jina lake, lakini nyumbani kwetu kiliitwa kazini kwa baba. Upande unaotazama bara kina mchanga kidogo wa kutia boti. Upande wa bahari kuu ni jabali tupu la mawe ya matumbawe, limeliwa na maji kwa chini hata unaona kama litakatika kesho, na mnara umejengwa juu yake, hatua chache kutoka ukingoni. Nilikuwa naweza kukizunguka kisiwa chote kabla wali haujaiva. Walioishi pale walikuwa watu wawili tu, baba na mwenzake, na kila baada ya wiki mbili boti ya ofisi iliwaletea mafuta, maji ya kunywa, unga na magazeti yaliyokwisha kupitwa na wakati.

Nilikwenda kukaa huko mwaka niliotimiza miaka kumi. Mama alikuwa amejifungua mdogo wetu wa mwisho siku chache kabla ya mfungo wa Ramadhani, shule zilikuwa zimefungwa, na nyumba yetu ilijaa mashangazi waliokuja kumlea mzazi na kunipa mimi amri. Mimi ni Tatu, mtoto wa tatu lakini msichana wa kwanza, na tangu zamani sikuwa mtu wa kupewa amri na watu wanne kwa wakati mmoja. Nikajibizana na shangazi mkubwa kuhusu sufuria, mama akalia, na baba, aliyekuwa anamalizia likizo yake, akasema nitakwenda naye. Ofisi haikupenda watoto mnarani. Walimkubalia kwa shingo upande, wakamwambia mtoto akae nyumba ya chini, asipande chumba cha taa, na lolote litakalotokea liko juu yake yeye. Baba akasema sawa. Mama, kitandani, akanishika mkono na kunipa wosia wake: Idi hii wewe ndiye mama wa nyumba ya baba yako, usije ukamwacha akaingia Idi na mapazia machafu.

Wosia ule niliuchukua kama cheo. Nilifika kisiwani nimevaa kanga ya mama kiunoni, na siku ile ile nilihamisha masufuria yote kutoka mahali yalipokuwa yamekaa miaka yote. Mwenzake baba, mzee Kalisti, alitafuta kikaango chake nusu saa nzima, akakikuta chini ya kitanda, akaniambia, "Mama mwenye nyumba, ukihamisha na mlango unijulishe." Alikuwa Mmakonde wa Newala, Mkristo, mrefu, mpole kwa sauti na mbishi kwa kila kitu kingine. Mwezi ule wa Ramadhani alikwenda kula chakula chake cha mchana nyuma ya stoo ili asitutie majaribuni, jambo jema sana, isipokuwa upepo wa msimu ule ulipita kwanza nyuma ya stoo ndipo ukaja kwetu, na mimi niliyekuwa nafunga siku kamili kwa mara ya kwanza niliwajua samaki wake wote kwa majina.

Muda wake wa mapumziko mzee Kalisti alichonga mpingo. Alikuwa na kinyago kimoja tu alichokishughulikia, mwanamke aliyebeba mtungi kichwani, urefu wake kama mkono wangu, alichokianza miezi mitano nyuma. Kilikuwa zawadi ya binti yake aliyekuwa anaolewa baada ya Pasaka. Uso ulikuwa umekwisha, na mtungi, na mikono. Ilibaki kanga ya kiunoni na miguu. Nilikaa karibu yake nikiokota vipande vilivyoruka, naye akinisimulia mambo ya mnara. Alinisimulia habari za mtunza taa mmoja wa zamani, kabla yao, aliyelala usingizi taa ikazimika usiku mmoja. Hakuna chombo kilichozama, hakuna mtu aliyeumia, lakini nahodha mmoja aliandika barua, na mtunza taa yule akaondolewa kazini. Alisimulia kwa sauti ya kawaida kabisa. Aliongeza kuwa kwa kazi hii hakuna kosa la pili, jua likizama taa iwe imewaka.

Katazo la ofisi la kutopanda juu baba alilishika siku tatu. Siku ya nne alinipandisha ngazi zote, nikafika nimeishiwa pumzi, nikaona kitu ambacho mpaka leo sijaona kizuri kama hicho kilichotengenezwa na mikono ya watu. Vioo vilisimama kwa duara, virefu kunishinda, vimepangwa mkanda juu ya mkanda, na ukitazama ndani unajiona umegeuzwa miguu juu. Katikati ya vioo vyote ilikaa taa yenyewe, na taa yenyewe, nilipoiona, ilinivunja moyo kidogo, maana ilikuwa ndugu wa karabai. Ilipandisha mafuta kwa pampu kupitia bomba jembamba, ikawa na utambi wa kitambaa cheupe, kama karabai ya shangazi aliyoiwasha kwenye genge lake la chapati pale Mtoni. Baba akanieleza kuwa taa haina nguvu, vioo ndivyo vyenye nguvu, ndivyo vinavyoukusanya mwanga mdogo na kuusukuma baharini mbali. Akanipa sharti moja: kioo usikiguse. Nikasema sitakigusa, na sikukigusa kamwe.

Kuzunguka chumba kile kulikuwa na madirisha mtindo mmoja, ukuta mzima ni kioo, na kwenye madirisha kulikuwa na mapazia mazito ya rangi ya maziwa. Kila alfajiri baba alizima taa na kuyafunga. Kila jioni aliyafungua na kuwasha. Kwa nini yalifungwa mchana hakuniambia, nami sikuuliza, kwa sababu kila mtu anajua pazia ni la nini. Kwetu Temeke pazia ni la kuzuia wapita njia wasione mnakula nini. Kwamba kisiwa kile hakikuwa na mpita njia hata mmoja, labda ndege, ni jambo ambalo halikunipitia akilini.

Ikafika siku ya ishirini na tisa ya mfungo, siku ya kutafuta mwezi. Mtu aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa nyumba zinakuwaje siku hiyo. Kuta zimepakwa chokaa, makochi yametolewa nje yakapigwa fimbo mpaka vumbi liishe, na kila kamba ya mtaa mzima imejaa mapazia. Mwanamke ambaye mapazia yake hayakuonekana kambani kabla ya Idi atasemwa mpaka Idi ijayo. Mimi nilikuwa mwanamke mwenye nyumba. Asubuhi niliyafua mapazia mawili ya nyumba ya chini, yakakauka kabla ya adhuhuri, nikabaki nimesimama na sabuni ya mche iliyobaki nusu na nguvu tele. Baba, ambaye usiku kucha alikuwa juu, alisali adhuhuri akajilaza. Mzee Kalisti alikuwa nyuma ya stoo na samaki wake. Nikautazama mnara, nikayakumbuka mapazia yale ya juu, meusi kwa masizi pembeni, na nikaona aibu kwa niaba ya familia nzima.

Nilipanda. Nilisimama juu ya sanduku la vifaa, nikayachomoa mapazia moja moja kwenye pete zake, nikiwa mwangalifu mno nisiguse kioo. Nakumbuka nilijisifu kwa hilo. Nilitembea kwa ubavu ili hata kanga yangu isipanguse vile vioo. Nikayabeba mapazia yote kwa awamu mbili, yalikuwa mazito kama mtu aliyelala. Kwa kuwa maji matamu yalikuwa ya kupimiana, niliyafua kwanza kwa maji ya bahari, sabuni ikakataa kutoa povu, nikafikicha mpaka vidole vikachubuka, kisha nikayasuuza kwa ndoo moja ya maji ya mvua niliyoyaiba kwenye pipa. Nikayaanika kwenye kamba iliyofungwa baina ya mivinje miwili. Yakapepea. Nikakaa chini kwa kiu yangu na njaa yangu, nikayatazama, na nikiri kuwa katika maisha yangu yote, harusi na vyeti na watoto vyote vikiwemo, sijawahi kujiona mtu wa maana kuliko dakika zile.

Jua lilikuwa limeanza kuteremka upande wa bara. Alasiri ilikuwa imeingia, baba ameamka anatawadha, ndipo harufu ilipokuja. Haikuwa ya samaki. Ilikuwa harufu ya kitambaa kinachoungua, na nyingine chini yake, kali, ya chuma kilichopata moto kupita kiasi. Baba aliinua kichwa akatazama juu ya mnara, akaona vioo vinameta vyote mchana kweupe, kisha akageuka akaona mapazia kambani. Alikimbia na maji ya udhu yanamchuruzika mikononi, na mzee Kalisti nyuma yake na ndoo ya mchanga, na mimi nyuma yao nikilia bila kujua nalia nini.

Vioo vilivyoweza kuusukuma mwanga kwenda nje viliweza pia kuuvuta kutoka nje. Hilo ndilo nililokuwa silijui. Jua la alasiri liliingia kwenye madirisha yaliyo uchi, likapita kwenye vioo, likakusanywa lote na kupelekwa mahali pamoja, na mahali penyewe ni pale pale palipokaa taa. Utambi ulikuwa umekwisha kusagika. Kitambaa cha kufutia kilichoachwa pembeni ya taa kilikuwa kinawaka, na moto umeshaanza kulamba ubao wa rafu. Mzee Kalisti akaumwagia mchanga ukafa. Baba alivua singlendi yake akaitandaza dirishani upande wa jua, akasimama mwenyewe kuziba palipobaki, mikono ameinyoosha, na kwa sauti tulivu akaniambia nishuke nilete shuka zote za nyumbani. Tulipokwisha kuyaziba madirisha ndipo wakaikagua taa. Utambi ungeweza kubadilishwa, kulikuwa na akiba. Lakini bomba jembamba la kupandishia mafuta liliunganishwa kwa risasi ya kulehemu, na risasi ilikuwa imeyeyuka ikaachia. Bomba la akiba halikuwepo. Baba alikuwa amekwisha kuliomba kwenye boti mbili zilizopita.

Nilitamani anichape. Nilikijua kichapo, kingekwisha, tungeendelea. Badala yake alikaa chini kwenye ngazi ya juu kabisa, akanikalisha pembeni yake, akanieleza kazi ya mapazia kama anavyoelezwa mtu mzima. Alipomaliza nikamwuliza kama sasa watamwondoa kazini kama yule aliyelala. Akatazama jua. "Tuwashe kwanza," akasema. Kabla ya magharibi ilibaki chini ya saa mbili. Hata tungewaita ofisi kwa redio, wasingefika kwa muda ule. Na usiku ule haukuwa usiku mtupu, ulikuwa mkesha wa Idi, boti za watu wanaowahi kula Idi kwao zilikuwa njiani kutoka Mafia na kusini, zimejaa wazazi na kuku na nguo mpya, na mlango wa kupita kati ya miamba pale chini yetu ni mwembamba.

Mzee Kalisti ndiye aliyesema karabai. Nyumba ya chini ilikuwa na karabai mbili za kawaida, za kusomea gazeti, zilizokaa miaka bila kuwashwa. Mwanga wake ni mdogo kuliko wa taa kubwa, lakini kama alivyosema baba mwenyewe, nguvu iko kwenye vioo. Shida ilikuwa kimo. Utambi lazima ukae katikati kabisa ya vioo, ukishuka vidole viwili mwanga unakwenda kwenye maji karibu, ukipanda unakwenda mawinguni kwa malaika, ambao hawauhitaji. Karabai ikiwekwa pale chini ilikuwa fupi mno. Walijaribu kopo, likayumba. Walijaribu kipande cha ubao wa sanduku, kikaanza kutoa moshi kwa moto wa karabai. Walihitaji kitu kizito, kilichonyooka, kigumu kisichoshika moto upesi, na chenye kimo kile hasa. Baba alipima kwa uzi, akafunga fundo. Mzee Kalisti akauchukua ule uzi akautazama kitambo, kisha akashuka ngazi.

Nilimfuata. Nilimkuta ameketi mahali pake pa kuchongea, amemlaza yule mwanamke mwenye mtungi magotini, amenyoosha uzi kuanzia chini ya miguu ambayo bado haijachongwa. Fundo liliangukia kifuani, chini kidogo ya shingo. Nilimwambia asifanye, nikamwambia ni wa harusi. Akanijibu bila kuniangalia, "Mpingo upo mwingi, Tatu. Shika hapa usiache ucheze." Nikamshika miguuni, naye akachukua msumeno. Mpingo haukatwi upesi. Nilisikia msumeno ule ukienda na kurudi, unga mweusi ukinimwagikia kwenye kanga ya mama, na uso ule uliokwisha kukamilika ukinitazama. Kichwa na mtungi vilipodondoka aliviokota akaviweka juu ya rafu, wima, kwa adabu, kisha tukapanda na kilichobaki.

Kilikaa sawasawa. Baba akapachika karabai juu yake, akainama huku na huku akipima kwa jicho, akasema washa. Hapo ikaonekana kuwa wazee wawili waliozoea taa ya ofisi hawakuwa na ufundi na karabai kuukuu. Mmoja alipiga pampu kwa pupa ikawaka moto mwekundu na moshi, mwingine akaizima, wakaanza kulaumiana. Mimi nilikuwa binti wa mtaa unaokatika umeme, na kila nilipolala kwa shangazi karabai ya genge niliwasha mimi. Nikawaambia waniachie. Nikaipasha moto kwa spiriti polepole mpaka ikaiva, nikapiga pampu kidogo kidogo, nikisikiliza, mpaka ule mvumo wake ukatulia na utambi ukawa mweupe. Baba akateremsha shuka za madirishani. Jua lilikuwa limegusa minazi ya Kigamboni.

Tukatoka nje kwenye baraza ya juu kutazama. Mwanga ulikuwa umefifia kuliko wa siku zote, lakini ulikwenda ulikotakiwa kwenda, juu ya maji, moja kwa moja. Baba alifungua kwa tende moja, akanipa na mimi moja, ikaniponyoka, nikaiokota nikaila hivyo hivyo. Tulisimama pale mpaka tukaona taa ndogo ya boti ya kwanza ikitokea kusini, ikakata kona yake pale inapotakiwa kukata, ikapita. Mwezi wa Idi mwaka ule hatukuuona sisi, watu tuliokaa juu kuliko wote. Tulikuwa tunatazama maji. Tulikuja kuambiwa na redio kwamba umeandama.

Baada ya futari baba alichukua daftari la mnara. Kila siku iliandikwa humo, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, hali ya hewa, na jambo lolote lisilo la kawaida. Mzee Kalisti alivuta kiti.

"Baba Tatu, andika upepo," akasema. "Upepo umefungua dirisha, umeng'oa mapazia. Mie ntaweka sahihi. Nani atakuja kumuuliza upepo?"

Baba akasema upepo wa leo ulikuwa mdogo, ameshauandika asubuhi.

"Basi andika ni mie niliyeyatoa. Mie nafukuzika, nyumbani nina korosho."

"We Kalisti umeshatoa ya kutosha leo."

"Wakisoma mtoto alikuwa juu, wanakutoa. Walikwambia."

"Waliniambia," akasema baba, akaanza kuandika.

Nilikuwa nimejikunja mkekani, wakidhani nimelala. Alipomaliza akaniita kwa jina, akanisomea alichoandika, kwa sababu alisema kinanihusu. Aliandika hivi: mapazia yaliondolewa na binti yangu mwenye umri wa miaka kumi ili yafuliwe kwa ajili ya Idi. Sikuwa nimemweleza kazi ya mapazia. Taa iliwashwa kwa wakati, kwa karabai, juu ya kigogo kilichotolewa na mwenzangu. Kosa ni langu. Akaniuliza kama kuna neno la uongo humo. Nikasema hakuna. Akafunga daftari, na asubuhi tukasali Idi wawili sisi, mzee Kalisti akatupikia pilau lenye mawe.

Mkaguzi alikuja kwa boti iliyofuata. Alikuwa bwana mnene aliyepanda zile ngazi kwa vituo, akasoma daftari akiwa amesimama, akarudia kusoma, akanitazama mimi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia. Mwezi wa tatu baada ya hapo baba akahamishiwa mjini, stoo ya vifaa, kutunza kamba na rangi. Kwetu ilikuwa sherehe. Mama aliyekuwa amelala peke yake miaka yote ile sasa alikuwa na mume anayerudi kila jioni, na sisi tulikuwa na baba wa kutusaidia hesabu. Nguo zake zikaacha kuanikwa siku mbili. Kwa hiyo nimekua nikikisimulia kisa hiki kama kichekesho, kwenye harusi, kazini, jinsi Tatu alivyotaka kuunguza mnara kwa usafi. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto nilipokwenda kumhani mke wa mzee Kalisti kwa kufiwa na mumewe, na mwanamke yule, katika mazungumzo ya msiba, akaniambia kuwa baba yangu aliandika barua mara mbili kuomba arudishwe mnarani, na mara mbili akakataliwa, na kwamba mumewe hakuwahi kumwona mtu aliyeipenda kazi kama yule. Nilirudi nyumbani siku ile sijui niweke wapi uso wangu.

Siku hizi taa ile inajiwasha. Ina mabamba ya jua juu yake, jambo ambalo nimelitafakari kwa kicheko cha uchungu, na hakuna mtu anayelala kisiwani. Baba anaishi kwangu Chamazi, ambako bahari hatuioni. Kuna uwanja wa mpira, na usiku wa mechi taa zake zinaupausha upande mmoja wa mbingu, naye hutoka uani na fimbo yake kuzitazama, kisha hurudi ndani na kusema wanaumwaga mwanga ovyo, hawana vioo. Mimi ni muuguzi, kiongozi wa wodi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni daftari. Kila kinachokwenda mrama huandikwa: saa ngapi, nani, kwa nini. Nimeyasoma mengi na nimeyaandika mengi, na naujua vizuri ule ufundi wa kuandika jambo likaonekana limejitokea lenyewe. Nina binti wa miaka kumi ambaye simruhusu hata kuwasha jiko la gesi. Nina mkopo wa nyumba na wazazi wawili wanaonitegemea.

Jioni moja wakati wa mfungo uliopita nilimwambia baba. Nilimwambia nimeambiwa habari za zile barua mbili. Akasema yule mama alikuwa na maneno mengi tangu ujanani. Nikamwuliza kwa nini hakuandika upepo, pale ambapo hakuna ambaye angejua, na mwenzake ameshakubali kutia sahihi. Akaniuliza kama upepo ungerudi kesho yake kumsaidia kufuta vioo. Nikamwambia aache mzaha. Nikamwambia kweli yangu, na ilinitoka kwa tabu kuliko nilivyotarajia: kwamba mimi, ningekuwa yeye, na kazi ninayoipenda hivyo, na watoto nyumbani, ningeandika upepo. Ningeuandika bila kusita na ningelala usingizi.

Akatabasamu kwa meno yake machache yaliyobaki.

"Najua, mwanangu," akasema. "Ndiyo maana wewe hawakukupa taa."

Kisha akaomba nimwongeze uji.